Ndege Ipi ya Kivita Inafaa Maonyesho ya Klabu ya Sayansi? Ulinganisho kwa Shule za Tabora na Kigoma

Klabu ya sayansi inapoamua kutengeneza mfano wa ndege ya kivita kwa ajili ya maonyesho, mara nyingi wanafunzi huchagua ile inayosifiwa kwa kasi au yenye sura ya kutisha, kisha siku ya maonyesho hubaki hawana la kusema zaidi ya jina lake. Ulinganisho huu umeandikwa kwa walimu walezi na viongozi wa klabu katika shule za sekondari za Tabora na Kigoma wanaotaka kuchagua ndege moja tu, kuitengeneza kwa katoni na gundi, na kuieleza mbele ya wazazi na wanafunzi wa shule jirani bila kubabaika. Kipimo nilichotumia ni kimoja: je, jambo la ajabu lililomo katika ndege hiyo linaweza kuonyeshwa kwa vifaa vya kawaida, mbele ya mtazamaji ambaye hajawahi kuikaribia ndege ya aina yoyote?

Kipimo hicho kina sababu yake. Umbo geni la ndege ya kivita si pambo. Mhandisi alilazimika kutatua tatizo fulani, na ufumbuzi wake ukaleta tatizo jingine ambalo rubani na mafundi walilibeba kwa miaka yote ya utumishi wa ndege hiyo. Mwanafunzi anayeweza kutaja faida pekee amesoma nusu tu ya somo, na mtazamaji makini atalitambua hilo kwa swali la pili.

Tuanze na ndege mbili zinazofanana kwa rangi na kwa kiwanda. SR-71 na F-117 zote ni nyeusi, zote zilibuniwa na kampuni ya Lockheed ya Marekani, na zote zilikusudiwa kupita katika anga la adui na kurudi salama. Zilipoachana ni katika njia: ya kwanza ilitegemea kukimbia mno na kupaa juu mno, ilhali ya pili ilitegemea kutotambuliwa.

SR-71 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1964. Haikubeba silaha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupiga picha na kukusanya taarifa. Tarehe 28 Julai 1976 ndege za aina hii ziliweka rekodi ya kasi ya kilomita 3,529 kwa saa, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti, pamoja na rekodi ya kuruka katika kimo cha mita 25,929. Na miaka miwili kabla ya hapo, mnamo Septemba 1974, mojawapo ilitoka New York hadi London kwa muda usiofika saa mbili. Takwimu hizi ndizo zinazowavutia wanafunzi, lakini ajabu yenyewe imo katika matokeo ya kasi hiyo. Hewa inayogongwa na kubanwa kwa nguvu kiasi hicho huipasha ndege joto, na sehemu kubwa ya ngozi yake ilivuka nyuzi 200 za Selsiasi. Alumini, ambayo ndiyo metali ya kawaida ya kuundia ndege, ingelegea katika joto hilo, kwa hiyo SR-71 ilitengenezwa karibu yote kwa titaniamu. Kiasi kikubwa cha madini hayo kilitoka Umoja wa Kisovyeti, nchi ileile ambayo ndege hiyo ilikusudiwa kuichunguza, na Wamarekani walilazimika kuyanunua kupitia kampuni nyingine ili muuzaji asijue yanakwenda wapi.

Joto lilileta jambo jingine. Metali inapopata moto hutanuka, na ndege yenye urefu wa mita 32 hutanuka kwa kiasi kinachoonekana. Mafundi waliokuwa wakijenga reli ya kati walifanya jambo la aina hiyo walipoacha upenyo mdogo kati ya kipande kimoja cha reli na kingine, ili chuma kipate pa kwenda wakati wa jua kali la Tabora. Vivyo hivyo, paneli za SR-71 ziliachiwa nafasi ya kutanuka, na vizibo vya matangi, vilivyokuwa vikipashwa moto na kupozwa katika kila safari, havikuweza kuhimili hali hiyo bila kuachia. Matokeo yake ndege iliyogharimu fedha nyingi namna ile ilikuwa ikidondosha mafuta sakafuni ilipoegeshwa. Jambo hilo halikuwa hatari kama linavyosikika, kwa sababu mafuta yake maalumu yalikuwa magumu kuwaka, kiasi kwamba injini ziliwashwa kwa kudungiwa kemikali inayowaka yenyewe inapokutana na hewa na kutoa mwali wa kijani.

Hadithi hiyo ni tamu, na maabara nyingi za fizikia zina kile kifaa cha mpira wa chuma na pete kinachoonyesha kutanuka kwa metali kwa joto. Hata hivyo, nina shaka nayo kwa maonyesho. Ajabu ya SR-71 imo ndani ya metali, si katika umbo, na mfano wa katoni hautanuki wala hauvuji. Mwanafunzi atakuwa na ndege nzuri upande mmoja wa meza na mpira wa chuma upande mwingine, na mtazamaji ataachiwa kazi ya kuviunganisha mwenyewe.

Katika F-117 mambo ni kinyume, kwa kuwa ajabu yote imo katika umbo. Ndege hii iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1981, na serikali ya Marekani haikukiri kuwapo kwake hadi Novemba 1988. Haina mviringo unaozifanya ndege nyingine zipendeze. Imeundwa kwa bapa nyingi zilizonyooka, zikikutana kwa pembe kali, kana kwamba aliyeichora hakuwa na chombo kingine ila rula. Sababu ni rada. Mtambo wa rada hutuma mawimbi ya redio, kisha husubiri yale yanayorudi baada ya kugonga kitu. Kitu cha mviringo daima kina sehemu fulani inayomtazama mtumaji, hata kigeuzwe vipi, na kwa hiyo daima kitamrudishia mawimbi. Bapa iliyoinamishwa huyapeleka mawimbi pembeni, mahali ambapo hakuna anayeyasubiri.

Msingi wa hesabu zake uliwekwa na mwanafizikia wa Kisovyeti, Pyotr Ufimtsev, katika kazi iliyochapishwa nchini mwake mwaka 1962 bila kufichwa. Wahandisi wa Lockheed waliisoma katika miaka ya 1970, wakatunga programu ya kompyuta ya kukokotoa mawimbi yanavyorudi kutoka kila bapa. Kompyuta za wakati huo hazikuweza kumudu hesabu za nyuso zilizopinda, na hapo ndipo penye jibu la swali ambalo kila mtazamaji huliuliza, yaani kwa nini ndege iliyokuja baadaye, B-2, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ina mwili uliopinda vizuri ingawa nayo hukwepa rada: katika miaka iliyopita kati yake, kompyuta zilikuwa zimepata nguvu.

Gharama ya umbo la F-117 ilikuwa kubwa. Ndege yenye bapa namna hiyo haitulii angani, na rubani pekee asingeweza kuidhibiti. Kompyuta zilirekebisha mwelekeo wake muda wote. Haikuweza kuvuka kasi ya sauti. Haikuwa na rada yake yenyewe, kwa sababu rada inayotuma mawimbi humtambulisha mwenyewe. Injini zake zilitoa moshi kupitia mianya mipana na myembamba ili joto litawanyike, na mabomu yake yalifichwa tumboni, kwa kawaida mawili tu. Herufi F katika jina lake hutumika Marekani kwa ndege za kupigana na ndege nyingine, lakini hii haikuwa na hata bunduki moja.

Wala haikuwa kweli kwamba haionekani. Tarehe 27 Machi 1999 mojawapo iliangushwa nchini Serbia kwa kombora la S-125, mtambo wa Kisovyeti uliobuniwa zaidi ya miaka thelathini kabla. Mwanafunzi asiyeficha tukio hili ataaminiwa zaidi, kwa sababu litampa nafasi ya kueleza kwamba umbo hilo hupunguza umbali ambao rada inaweza kuigundua ndege, lakini halimwondolei adui uwezo wote wa kuiona.

Onyesho lake linahitaji chumba chenye giza, tochi, kioo cha mkononi na sufuria mpya ya alumini iliyosuguliwa. Mtazamaji ashike tochi karibu na jicho lake na kuimulika sufuria iliyofunikwa chini juu: ataona doa la mwanga, na doa hilo litaendelea kuwapo popote atakaposimama. Kisha akimulike kioo kilichoinamishwa: mwanga utakwenda ukutani, na kwake yeye kioo kitabaki cheusi. Ni muhimu ashike tochi yeye mwenyewe, kwa kuwa katika rada anayetuma na anayepokea kwa kawaida wako mahali pamoja. Baadhi ya walimu wangependa kufanya onyesho nje kwa kutumia jua, na kweli kioo kitametameta, lakini jua liko upande mmoja na mtazamaji upande mwingine, na hoja yenyewe hupotea hapo.

Kwa klabu ambayo maonyesho yake hufanyika mchana chini ya miembe, bila chumba cha giza, F-117 inapoteza nguvu yake kubwa, na hapo ndipo Harrier inapostahili kufikiriwa.

Harrier ni ndege ya Kiingereza inayoweza kusimama angani, kuruka moja kwa moja kwenda juu na kutua bila kukimbia ardhini. Mtangulizi wake, P.1127, aliinuka kwa mara ya kwanza mnamo Oktoba 1960 akiwa amefungwa kwa nyaya, na Harrier yenyewe ikaingia katika jeshi la anga la Uingereza mwaka 1969. Ndege nyingine za majaribio za wakati huo zilibeba injini za ziada za kuinulia, ambazo baada ya kuruka zilikuwa mzigo usio na kazi. Harrier ina injini moja tu, Pegasus, yenye midomo minne ya kutolea hewa, miwili kila upande. Rubani huvuta wenzo mmoja na midomo yote minne hugeuka pamoja: ikielekea nyuma ndege husonga mbele, ikielekea chini ndege huinuka. Kwa kuwa mabawa na mkia havina kazi ndege inaposimama, kuna matundu madogo puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa yanayopuliza hewa ili kuizuia isilale upande.

Ubaya wake ni uzito. Kuinuka wima huhitaji injini isukume kwa nguvu inayozidi uzito wote wa ndege, mafuta na silaha zikiwemo, na kwa hiyo katika kazi halisi Harrier mara nyingi ilikimbia kidogo ardhini kabla ya kuruka, ili mabawa yasaidie. Injini ilipoa kwa kudungiwa maji wakati wa kusimama angani, na maji hayo yalitosha kwa takribani dakika moja na nusu tu. Hapa mwalimu wa Tabora ana swali zuri la kuwauliza wanafunzi wake: mji uko katika kimo cha takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba huwa na joto kali, hali mbili ambazo zote huipunguza hewa uzito na kuinyima injini nguvu. Je, Harrier ingeweza kubeba hapo mzigo uleule inaoweza kuubeba kwenye meli baharini? Jibu ni hapana, na mwanafunzi anaweza kulifikia kwa fizikia ya kidato cha tatu.

Ipo pia habari inayofaa kuchangamsha hadhira. Mwezi Juni 1983 rubani kijana wa Sea Harrier, yaani Harrier ya jeshi la majini, alipoteza njia juu ya bahari ya Atlantiki, mafuta yakakaribia kumwishia, naye akatua juu ya makontena ya meli ya mizigo ya Kihispania iitwayo Alraigo. Ndege iliteleza nyuma ikaangukia gari lililokuwa limebebwa hapo, na meli ikaendelea na safari yake hadi Tenerife ikiwa na abiria huyo. Hakuna ndege nyingine ya kivita ya zama hizo katika jeshi la Uingereza ambayo ingeweza hata kulijaribu jambo hilo.

Mfano wa Harrier hutengenezeka kwa urahisi. Midomo minne inaweza kuwa vifuniko vya chupa za soda vilivyounganishwa kwa kijiti ili vizunguke pamoja, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuvigeuza kwa mkono wake. Puto lenye mrija uliopindwa litaonyesha kwamba hewa ikitoka chini, puto hupanda. Kasoro yake ni kwamba mfano wenyewe hautaruka, na yapo maswali ambayo wanafunzi wadogo watayarudia mara nyingi kuhusu hilo.

A-10, ndege ya Marekani ya kushambulia shabaha za ardhini, nimeiweka nyuma ya hizo tatu, ingawa najua ina mashabiki wengi. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1972, na ilijengwa kuuzunguka mzinga mmoja wa milimita 30 wenye mitutu saba, unaofyatua risasi 3,900 kwa dakika. Mzinga huo umesogezwa upande mmoja ili mtutu unaofyatua uwe katikati kabisa ya ndege, vinginevyo kila mfyatuo ungeipindisha. Gurudumu la mbele nalo likalazimika kusogezwa upande wa pili kupisha mzinga. Ukimwonyesha mtu ndege kwa mbele na kumwuliza ni nini hakiko sawa, itamchukua muda kuligundua gurudumu hilo. Rubani huketi ndani ya karai la titaniamu lenye uzito wa zaidi ya nusu tani, injini mbili ziko juu nyuma, mbali na vumbi na moto wa ardhini, na ndege inaweza kurudi kituoni ikiwa na injini moja. Wapo wanaodai kwamba inapofyatua husimama angani. Ukweli ni kwamba nguvu ya kurudi nyuma ya mzinga hukaribia nguvu ya injini moja kati ya mbili, ndege hupungua kasi kidogo, na mifyatuo huwa ya sekunde chache. Kinachonifanya nisiipendekeze ni kwamba mazungumzo yote huishia kwenye mzinga, na mzinga wa katoni haufundishi fizikia yoyote.

B-52, ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, naitaja kwa kupita tu, kwa sababu ya magurudumu yake yanayoweza kupindwa hadi nyuzi 20, hivyo kwamba wakati wa upepo wa ubavuni hutua mwili ukiwa umeelekea kando huku magurudumu yakifuata njia. Ni jambo la kupendeza, lakini mabawa yake yana upana wa mita 56, na mfano wake utahitaji meza ya peke yake.

Imebaki ndege ambayo shule za Kigoma zinapaswa kuifikiria kabla ya zote hizo, nayo haina injini ya jeti wala titaniamu. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta ziwani Tanganyika ndege nne za Kiingereza aina ya Short 827, zilizosafirishwa zikiwa vipande kutoka Ulaya na kupitishwa Kongo kwa reli na mito. Ziliunganishwa upande wa magharibi wa ziwa, na katikati ya mwaka huo zikavuka maji na kuipiga mabomu bandari ya Kigoma, ilikokuwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe mwezi Julai walipokuwa wakiondoka. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ndiyo hiyo iliyokuja kujulikana kama Liemba.

Short 827 ilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili, ya juu yakiwa marefu kuliko ya chini, injini ya nguvu farasi 150, na viti viwili. Badala ya magurudumu ilikuwa na maboya mawili makubwa chini ya mwili, na mengine madogo mkiani na kwenye ncha za mabawa. Ufumbuzi wake unaeleweka mara moja: mahali pasipo na uwanja wa ndege, ziwa lenyewe ni uwanja. Gharama nayo inaeleweka vilevile, kwa kuwa maboya ni mazito, huvuta hewa ndege inapokuwa angani, na mawimbi yakichafuka hakuna kuruka wala kutua. Maji ya Tanganyika yako karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo lile swali la Harrier la hewa nyepesi linaulizika hapa pia, tena kwa injini dhaifu zaidi.

Onyesho lake ni beseni la maji. Mfano wenye maboya yaliyowekwa nyuma mno utainamisha pua, yakiwekwa mbele mno utaketi kwa mkia, na mwanafunzi anayeyasogeza hadi ndege itulie atakuwa ameeleza kitovu cha uzito na nguvu ya maji ya kuelea bila kuandika ubaoni. Ugumu uko katika ujenzi: mabawa ya ghorofa mbili yanahitaji vijiti vingi na subira, na katoni lazima ipakwe nta au rangi ya mafuta isije ikaloa.

Kwa hiyo klabu ya Kigoma yenye mafundi wavumilivu ichague Short 827, na ile yenye muda mfupi ichague F-117, ambayo bapa zake hukatwa kwa rula na wembe katika alasiri chache. Klabu ya Tabora yenye chumba cha kutiwa giza ichague F-117 bila kusita. Isiyo nacho ichague Harrier. SR-71 iachiwe shule yenye maabara nzuri na msemaji hodari. Kwa kipimo cha 1 kwa 40, F-117 itakuwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa 33, Short itakuwa na mabawa ya sentimita 41, na SR-71 itafika sentimita 82, urefu ambao utawasumbua wale watakaolazimika kuibeba ndani ya daladala hadi mahali pa maonyesho.